Mkopo wa halmashauri kwa bustani ya mimea dawa: hatua kwa hatua, kutoka kwa tuliokataliwa mara ya kwanza

Watu wananiuliza sana hela ya kuanzia bustani tulitoa wapi. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inakopesha vikundi, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, kwa hiyo yule anayekwambia imekufa hana habari. Sisi ni kikundi cha akina mama huku Tanga, tunalima mchaichai na mlonge.

Hatua ya 1: Kikundi kwanza. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, awaambie idadi ya wanachama inayotakiwa na awape mfano wa katiba. Mkishasajiliwa mnafungua akaunti ya benki ya kikundi. Na jamani, msijaze majina ya mashangazi wasiojua hata shamba liko wapi, maana deni ni la wote na siku ya marejesho mtatafutana.

Hatua ya 2: Andiko la mradi. Hapa ndo tuliangukia pua. Andiko letu la kwanza tuliandika tunazalisha dawa ya sukari na presha, tukaona tumepatia kweli, afisa akasoma mistari miwili akauliza cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kiko wapi. Hatuna. Tukarudi nyumbani kimya kimya. Kumbe ukitaja ugonjwa tu umeshatoka kwenye kilimo umeingia kwenye dawa, na huko kuna sheria yake ya 2002. Mara ya pili tukaandika "kilimo na ukaushaji wa majani ya mchaichai na mlonge", shamba lile lile, wanachama wale wale, likapita.

Weka namba, sio maneno matamu. Mchaichai ukipanda sentimita 60 kwa 60 ekari moja inameza vishina kama elfu 11, kwa hiyo usiombe hela ya vishina elfu 30 kwa ekari moja, watacheka. Kwetu kilo 4 mpaka 5 za majani mabichi zinatoa kilo 1 kavu, ndo hesabu ya mauzo ianzie hapo. Ambatanisha profoma (karatasi ya bei kutoka dukani) za vifaa na barua ya mnunuzi kama unaye, hata mwenye duka la viungo mjini anatosha. Halafu ombeni marejesho yaanze baada ya mavuno ya kwanza, mchaichai unachukua miezi minne mpaka sita kabla hujaukata, ukianza kudaiwa mwezi wa pili utauza kuku.

Hatua ya 3: Maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni, kama hamjui kompyuta mwombeni afisa wa kata awasaidie. Yanapita kata, yanapanda halmashauri, wanakuja kukagua shamba. Sisi walitukuta tumeshalima robo ekari kwa jembe la mkono, nadhani hilo lilisaidia kuliko andiko lenyewe.

Hatua ya 4: Kulima. Afisa ugani ni bure, mpigie. Mbolea ya ruzuku ipo kwa mkulima aliyejiandikisha kijijini, ila mimi kwenye majani haya natumia samadi, wanunuzi wengi wa majani ya chai wanataka yasiyo na kemikali. Mlonge panda mbegu moja kwa moja shambani, ukifika kiunoni ukate kichwa utoe matawi, usipokata unapanda juu kama mnazi na majani utayaangalia tu.

Kukausha ni kivulini, kwenye chekecheke zilizoinuliwa, upepo upite chini. Jua kali linaumaliza ukijani, ukirundika yanavunda. Tulipoteza magunia mawili kwa uvivu wa kugeuza.

Hatua ya 5: Kufungasha. Ukiuza kama chai unahitaji alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango), pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwanza upate mafunzo na barua ya utambulisho, mjasiriamali mdogo inampunguzia gharama. Ukitaka kuuza kama dawa ndo sasa unarudi Baraza, na sampuli inapimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kuona usalama wake. Sisi bado tuko kwenye chai, tumalize deni kwanza.