Kupima metali nzito kwenye tope la mdomo wa mto: mfano wa Hombolo

Tope la Dodoma lina safari ndefu. Mto Kinyasungwe Ndogo huingia Bwawa la Hombolo, na bonde lake ni sehemu ya bonde la Wami, mto unaomwaga baharini Saadani. Kila mto unapopunguza mwendo, tope laini hutua pamoja na risasi, zebaki na kadimi zilizoling'ang'ania. Kwa hiyo anza na tope, maji baadaye.

Hatua ya 1: Nenda kiangazi, Septemba au Oktoba, mdomo wa mto, pale unapoingia bwawani, ukiwa unafikika. Chota sentimita 5 za juu kwa kijiko cha plastiki kilicholowekwa usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10. Ndoo ya bati iache nyumbani, itakuongezea zinki.

Hatua ya 2: Tafuta kiwango cha asili, yaani metali iliyokuwemo kwenye udongo kabla ya uchafuzi. Wengi huiruka hatua hii, nami nakusihi usiiruke. Bwawa lilijengwa 1957, kwa hiyo sukuma bomba la plastiki mpaka lipite tope lote na kufika kwenye udongo uliokuwepo kabla ya bwawa. Huo ndio wa kulinganishia. Takwimu za wastani wa dunia (kadimi 0.3, zinki 95, miligramu kwa kilo) ni za miamba ya mfinyanzi, wakati Dodoma tumekalia matale.

Hatua ya 3: Kausha chini ya nyuzi 40, maana zebaki hupotea kwa joto. Chekecha kwa chekeche ya mikroni 63, tope la juu na la chini vilevile, kisha peleka maabara.

Hatua ya 4: Tumia kanuni ya 1980 ya mwanasayansi wa Sweden Lars Håkanson, inayopima hatari ya metali kwenye tope. Gawanya kiasi ulichopata kwa kiwango cha asili, halafu zidisha kwa uzito wa sumu: zebaki 40, kadimi 30, arseniki 10, risasi na shaba 5, kromi 2, zinki 1.

Tuseme kiwango cha asili ni kama hicho cha dunia, na tope lako lina zinki 285 na kadimi 0.9. Zote zimeongezeka mara tatu. Zinki inapata alama 3, kadimi 90. Chini ya 40 hatari ni ndogo. 80 hadi 160 ni ya kutia wasiwasi. 320 kwenda juu ni kubwa mno. Ile kadimi ambayo jicho lingeipita ndiyo yenye hatari.

Ukijumlisha alama, taja metali ulizopima. Ngazi za jumla za Håkanson, zinazoanzia 150, ziliwekwa kwa vichafuzi vinane: metali hizo saba na PCB, kemikali ya viwandani. Ukipima vinne ukasema "chini ya 150, salama", umewadanganya wavuvi. Na alama hizi ni za tope: kujua kama perege wa Hombolo analika, pima minofu yake.