Banda la Kuni la Uani: Paa Juu, Upepo Pembeni

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mufindi hadi Njombe na Makete, kuni za miwati na milingoti hukatwa mvua zinapokatika mwezi Mei, zikakauka kipupwe chote, ili ziwepo za kuwasha masika yanaporudi. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kujenga banda lake kama stoo: linazungushiwa bati pande zote, linatiwa mlango, kisha kuni zinatolewa zikiwa zimeota ukungu mweupe. Nimelifanya kosa hilo mwenyewe. Gogo bichi linaweza kubeba maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na maji hayo hayatoki pasipo upepo. Kwa hiyo kinachohitajika ni paa zuri juu ya nguzo imara, na kuta za kuzuia kuni zisiporomoke tu.

Chagua mahali palipoinuka, hatua kama kumi kutoka jikoni. Kuegemeza banda kwenye ukuta wa nyumba huokoa nguzo tatu, lakini huwapa mchwa njia ya kufika kwenye kenchi bila kuonekana, na moto ukitokea hauna pa kuzuiliwa. Mgongo wa banda uelekee upande ambako mvua za upepo hutokea, ili mbele pabaki wazi.

Vipimo vinavyoitosha familia ya kawaida ni urefu wa mita 3 na kina cha mita 1.2. Piga vigingi vinne, funga kamba, kisha pima ulalo kutoka kona hadi kona: pande zote mbili zikisoma mita 3 na sentimita 23, kona zako zimenyooka. Hatua hii watu huiruka kwa kuwa ni banda tu, halafu siku ya kuezeka bati linakataa kukaa sawa na lawama anabebeshwa fundi.

Nguzo ni sita, tatu mbele na tatu nyuma. Za mbele zisimame mita 2.1 juu ya ardhi na za nyuma mita 1.7, nazo zote ziingie ardhini sentimita 60, kwa hiyo zikatwe mita 2.7 na 2.3. Ukiweza kupata nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, lipia bila kusita, kwa sababu mlingoti mbichi uliochimbiwa hivi hivi huliwa na mchwa mapema mno. Tandaza kokoto chini ya shimo kabla ya kusimamisha nguzo, ili maji yapenye yaende zake. Zege limiminwe kuizunguka, na uso wake uteremke kuelekea nje. Zege lisiende chini ya nguzo, kwa sababu nguzo iliyokaa ndani ya kikombe cha zege kinachotuamisha maji huoza mahali inapotokeza kwenye udongo. Isimamishe kwa timazi au pimamaji, kisha piga mbao za mshazari upande wa nyuma na kwenye ncha zote mbili, maana rundo la kuni mbichi lina uzito wa tani kadhaa na likilala upande mmoja husukuma banda zima.

Kwa sakafu, panga matofali ya kuchoma kwa mistari, yafike kimo cha sentimita 20, kisha laza mirunda juu yake ukiacha nafasi za vidole vitatu. Hewa ipite chini, na wewe uweze kuinama na kuona kama mchwa wameanza kujenga vichuguu.

Paa linateremka kuelekea nyuma. Mabati matano ya mita 2 yanatosha, yakitokeza kama sentimita 45 mbele na 25 nyuma. Yapandiane mgongo mmoja na nusu, ukianzia upande ulio mbali na upepo, na misumari ya bati ipigwe kwenye migongo; ikipigwa bondeni, maji yanayotiririka yatapenya kwenye tundu lake. Chimba mfereji mdogo nyuma, mahali matone yanapoangukia. Kuta za nyuma na za pembeni zipigiwe mabanzi kutoka kiwanda cha mbao, ambayo ni rahisi na yanafaa kabisa, kila banzi likiachana na jingine kwa upana wa kiganja.

Gawa banda katikati kwa mabanzi machache, upande mmoja uwe wa kuni za kutumika na mwingine wa zinazokauka. Kuni zipasuliwe kabla ya kupangwa, kwa kuwa gamba huzuia maji kutoka. Zikatwe sentimita 50, zipangwe safu mbili zisizogusana wala kugusa ukuta, na kwenye ncha za safu zipishanishwe ili zijishikilie zenyewe. Kuzijua kama zimekauka, watu hugonga mbili pamoja na kusikiliza: mbichi hutoa mlio butu, kavu hulia kwa ukali. Mimi huongeza mzani. Natia alama ya chaki kwenye kipande kimoja cha katikati, nakipima kila baada ya wiki mbili na kuandika uzito kwenye nguzo. Uzito ukiacha kushuka, nahamia upande huo.