Kabla hujamwita mtoto Edward, fanya hivi kwanza

Jirani yangu hapa Kampala kapata kijana juzi, anataka kumpa Edward juu babu yake alikuwa Edward, lakini ukimuuliza maana yake anakwambia ni jina la dini, basi. Sasa mimi hii kazi nilishaifanya kwa wangu wawili, wacha nikuonyeshe, natumia hilohilo la Edward alafu wewe utaweka la kwako.

Kwanza likate. Majina mengi ya zamani ya Uingereza ni maneno mawili yameshonwa pamoja. Kwa Kiingereza cha kale ead ni mali, au heri, na weard ni mlinzi. Kwa hiyo Edward ni mlinzi wa mali. "Yaani askari wa geti?" jirani akaniuliza. Ndiyo, lakini geti la kwake mwenyewe! Na ukishajua kipande kimoja ndugu zake unawapata bure: Edwin ni rafiki wa mali, Edgar ni mali na mkuki, Edmund ni mali na kinga. Kama ukoo una Edward watatu tayari, chukua Edgar, mali inabaki palepale.

Pili uliza nani alilibeba, na hapa usikimbie maana ndio utamu wenyewe. Uingereza kulikuwa na mfalme Edward Muungamadini, alikufa Januari 1066, Kanisa likamtangaza mtakatifu 1161, sikukuu yake ni 13 Oktoba, kwa hiyo Mkatoliki ana mtakatifu wa kumshika. Baada yake walikuja wafalme nane wa jina hilo, wa mwisho, Edward wa Nane, aliacha kiti 1936 akamfuata mwanamke. Lakini kwetu Uganda Edward mkubwa ni Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda. Alikuwa na majina kibao, Edward ndio la kwanza, lakini Waingereza wakawa wanamwita King Freddie kutoka kwa lile la pili, Frederick, sijui Edward liliwashinda nini. Akawa rais wa kwanza 1963, 1966 akakimbia nchi, akafia London 1969. Pia kuna mzee Edward Ssekandi, alikuwa spika alafu makamu wa rais mpaka 2021.

Na ziwa je? Ziwa Edward kule magharibi, tunalogawana na Kongo, Stanley, yule mpelelezi Mzungu, ndiye alilipa jina la mtoto wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Edward wa Saba. Ziwa Albert ni la baba yake. Baba na mtoto kila mtu na ziwa lake, na maji yetu! Hilo la Edward, rais Idi Amin aliliita la kwake 1973, alipoondoka Edward likarudi.

Kama unaogopa jina limejaa sana, hilo ni la haraka kuangalia. Marekani Edward lilikuwa kwenye kumi bora mpaka miaka ya 1920, baadaye likashuka. Huku kwetu ita Edward kwenye harusi uone, wanaogeuka ni wazee wenye koti, watoto wachache. Mimi naona hiyo ni faida.

Alafu simama mlangoni uliite kwa sauti kama unamwita aje kula. Bibi atasema Edwadi tu, likubali hivyo. Vifupi ni Eddie, Ted, na Ned. Ned ilitoka kwa watu wa zamani kusema "mine Ed", yaani Ed wangu, ile n ikahamia kwa jina.

La mwisho ndilo lilinitesa: tahajia. Wangu wa kwanza kadi ya chanjo iliandikwa Edwad, ubatizo Edward, shuleni wakaongeza s mwishoni. Tulikuja kugundua P7, darasa la mwisho la msingi, wakati wa kujiandikisha mtihani, nikazunguka na mafaili wiki tatu, nauli ya boda mimi mwenyewe. Akishakuwa mtu mzima ni ngumu zaidi, mambo ya hati ya wakili na tangazo kwenye gazeti la serikali. Kwa hiyo andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, la ukoo na la dini, mpe karani anakili, na usitoke dirishani kabla hujasoma alichoandika, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika.

Jirani karatasi yake iko tayari mfukoni, EDWARD, herufi sita. Bibi keshaanza na Edwadi.