Kabla Mkasi Haujagusa Kitambaa: Namna ya Kuendesha Lebo ya Nguo Dar es Salaam kwa Sheria na kwa Haki

Nabuni na kushona nguo Sinza, mwaka wa 14 sasa. Nilianza na cherehani moja ya miguu kwenye baraza la shangazi yangu. Leo karakana ina watu saba. Karibu kila wiki mdogo wangu mmoja katika fani hunipigia simu akilia: "Dada, wameniibia dizaini." Namuuliza maswali mawili. La kwanza, jina lako umelisajili kama alama ya biashara? La pili, mafundi wako umeandikiana nao? Swali la pili huwashangaza, maana wanaona halihusu wizi wa dizaini. Mimi naona linahusu sana. Anayedai haki ya mchoro wake huku fundi aliyeushona hajui atalipwa lini, anadai kitu ambacho yeye mwenyewe hakitoi.

Zifuatazo ni hatua ninazowapitisha wanaokuja kujifunza kwangu. Zifuate kwa mpangilio huu, kwa sababu kosa la hatua ya kwanza ndilo lililonigharimu kuliko yote.

Hatua ya 1: Linda jina kabla hujashonesha lebo

Nilisajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, nikapata cheti, nikakitia fremu ukutani. Nikaamini nimemaliza. Mwaka wa tatu nikaona magauni yenye jina langu yananing'inia kwenye duka moja Kariakoo. Nilipokwenda kulalamika, mwenye duka akaniwekea mezani cheti chake: amesajili jina hilohilo kama alama ya biashara. Nilirudi Sinza, tukakesha na mafundi tukifumua lebo kwenye magauni 86, moja baada ya jingine, na wembe mkononi.

Jina la biashara linaonyesha tu nani anaendesha biashara. Alama ya biashara ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine kuweka jina hilo kwenye nguo. Inasimamiwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na inasajiliwa BRELA hapohapo, ila kwa ombi jingine. Asiyesajili anaweza kushitaki kwamba mwenzake anajipitisha kwa jina lake, lakini atalazimika kuthibitisha kwamba wateja wanalijua na kwamba wamedanganyika. Kwa fundi mdogo huo ni mlima.

Fanya hivi. Tafuta kwanza jina lako kwenye mfumo wa mtandao wa BRELA, pamoja na majina yanayosikika kama lako. Epuka jina linaloeleza bidhaa tu, kama "Vitenge Bora". Hilo ni la kila mtu na msajili ana sababu ya kulikataa. Kisha chagua daraja, yaani kundi la bidhaa unazotaka kulindiwa. Nguo, viatu na kofia ni daraja la 25. Vitambaa ni la 24, mikoba ya ngozi la 18, huduma ya duka la 35. Kama fedha ni kidogo, anza na la 25. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na watu wana siku 60 za kulipinga. Ukipita hapo unapata cheti cha miaka 7, kisha unahuisha kila baada ya miaka 10. Andika tarehe ya kuhuisha mahali utakapoiona.

Kama unauza Zanzibar, cheti cha Bara hakivuki bahari. Kule unasajili upya kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, BPRA.

Hatua ya 2: Michoro iwe na daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na michoro ni mali. Hakimiliki ya mchoro, ya picha na ya nakshi uliyobuni inazaliwa pale unapoichora. Hailazimu kusajiliwa, ingawa Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inapokea usajili na cheti chake husaidia sana ukifika kwenye mgogoro. Mimi nina daftari la kurasa zenye namba. Kila mchoro una tarehe, saini yangu, na kipande cha kitambaa kimebanwa pembeni. Siku hiyohiyo naupiga picha na kujitumia kwa barua pepe.

Nikwambie ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia: mkato wa nguo ni mgumu sana kuumiliki. Gauni la mshazari, mkono wa puto, sketi ya solo, hivi ni vya mafundi wote. Aliyeona gauni lako harusini akakata lake kwa kipimo chake mara nyingi hujamshika kwa sheria. Unachoweza kushika ni mchoro wenyewe, nakshi uliyoichora ya kuchapisha kwenye kitambaa, na jina. Kwa hiyo weka nguvu zako huko.

Hatua ya 3: Mteja akileta picha ya simu

Anakuja, anafungua simu: "Nataka kama hili, hivihivi." Hapa ndipo mafundi wengi wa mjini tunapoishi. Msimamo wangu ni huu. Mtindo naufanya, kwa patani yangu, na namwambia mteja wazi kwamba hili litakuwa gauni la Sinza. Nembo ya mtu sishoni. Si Gucci, si ya dada wa Mikocheni mwenye duka dogo. Kubandika alama ya mwingine ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Ukikutwa nazo, kisingizio kwamba mteja ndiye aliyeagiza hakikuokoi.

Na kama picha ni ya mbunifu wa hapahapa ambaye bado anauza gauni hilo, nampa mteja jina lake aende akanunue. Nimepoteza oda kwa njia hiyo, na sijutii hata moja.

Hatua ya 4: Uliza kitambaa na nakshi vimetoka kwa nani

Watu wanachukulia utamaduni kama shamba lisilo na mwenyewe. Tuchukue michoro ya tingatinga. Mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 unaweza kuufuata. Lakini picha fulani ya chui iliyochorwa na mchoraji wa Oysterbay aliye hai ni yake. Ukitaka kuichapisha kwenye mashati, nenda ukae naye, mwandikiane idadi ya mashati, bei, na jina lake litakaa wapi. Kununua picha hakukupi ruhusa ya kuichapa.

Na shuka la Kimaasai? Louis Vuitton iliwahi kutumia miraba na rangi zake kwenye nguo za kiume za mwaka 2012, na Wamaasai wamedai kwa sauti kubwa kwamba sura yao inauzwa duniani bila wao kuulizwa. Kampuni ya Koy Clothing ya Uingereza ilikubali kuwalipa. Kwenye kikoi nako, kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" kuwa alama yake. Wakenya wakapinga na ombi likaishia njiani. Nayataja haya kwa sababu tunakasirika wazungu wakifanya, halafu sisi wenyewe tunamnunulia mama wa Kimaasai shanga kwa bei ya kutupa, na nguo tunaiita "ubunifu wangu". Mimi nikitumia shanga, mama aliyezitunga anapanga bei mwenyewe, nusu analipwa mbele, na akiridhia jina la kikundi chao linakaa kwenye kadi ya nguo.

Hatua ya 5: Mafundi

Hapa usipite haraka.

Wengi wetu tunalipa kwa kipande. Fundi anashona blauzi, anahesabiwa, anapewa chake jioni. Tunasema "huyu si mwajiriwa wangu, ni deiwaka". Sheria inaangalia vingine. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka uthibitishe vinginevyo, kukiwa na hata kimoja kati ya vigezo ilivyoviorodhesha: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, anatumia vifaa vyako, anakutegemea wewe kwa kipato, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Sasa tazama karakana yako. Cherehani ni yako, overloki yako, anaingia saa mbili asubuhi kwa sababu wewe umesema. Huyo ni mwajiriwa wako.

Kwa hiyo mpe maandishi. Karatasi moja inatosha: jina lake, kazi yake, tarehe ya kuanza, mkataba ni wa muda gani, mahali pa kazi, saa, na ujira unavyokokotolewa. Kama ni kwa kipande, andika bei ya kila kipande: blauzi, suruali, gauni lenye bitana. Wote wawili mtie saini, kila mmoja abaki na nakala. Siku mkifikishana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na huna karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unakuangukia wewe mwajiri.

Saa za kazi ni 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni ziada, kwa makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki 4, na inalipwa mara moja na nusu. Fundi ambaye saa yake ni shilingi 3,000 anapata 4,500. Akifanya kazi siku yake ya mapumziko au sikukuu, ni mara mbili. Wiki ya kuelekea Idi na msimu wa harusi wa Desemba ndipo tunapowakesha watu kwa soda na maandazi. Ukiona oda zinazidi saa zilizopo, acha kupokea oda. Mimi sasa nafunga daftari la Idi siku 20 kabla, na anayekuja baada ya hapo namwelekeza kwa jirani.

Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mama anayejifungua ana siku 84, na 100 akijaaliwa mapacha. Mchango wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na unaweza kumkata yeye kumi ukachangia kumi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni juu yako peke yako, asilimia 0.5. Sindano ikipita kwenye kidole cha fundi ndipo utakapojua thamani ya asilimia hiyo.

Mwaka wa pili wa kazi fundi wangu aliunguza kwa pasi satini ya bibi harusi. Nilimkata malipo ya wiki mbili yote. Hakusema kitu. Jumatatu hakurudi, na baadaye nikasikia watoto wake walikaa nyumbani bila ada. Nilikuwa na hasira na sikujua kwamba sheria inataka kwanza umsikilize, kosa lithibitike kuwa lake, makato yasizidi hasara yenyewe, wala yasivuke robo ya ujira wake. Nilimtafuta nikamrudishia. Pasi ile ilikuwa mbovu, na niliyechelewa kuipeleka kwa fundi umeme ni mimi.

Kuhusu watoto: aliye chini ya miaka 14 haajiriwi. "Anajifunza tu" ni neno tunalolitumia kumweka mtoto kwenye vifungo na pindo siku nzima wakati wenzake wako darasani. Akitaka kujifunza, aje Jumamosi baada ya masomo ya dini, akae karibu na mzazi wake, aondoke na kitambaa chake alichoshona.

Hatua ya 6: Tazama jengo

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao mafundi wa nguo. Nyufa zilionekana siku moja kabla, lakini wafanyakazi waliambiwa warudi kwenye mashine. Sisi nasi Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, tulisimama tukisikiliza sauti kutoka chini ya kifusi. Kabla hujalipa kodi ya chumba cha ghorofani, panda ngazi mwenyewe. Kuna mlango wa pili? Madirisha yana nondo zisizofunguka? Waya za mashine zimepita wapi, na marobota ya vitambaa yamezibaje njia? Sajili mahali pa kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, nunua kizimamoto, na fundi akisema ukuta umepasuka, toeni watu nje kwanza.

Hatua ya 7: Picha na vipimo vya wateja

Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Usimrushe bibi harusi mtandaoni bila ridhaa yake. Nina mstari kwenye fomu ya oda: "Naruhusu / Siruhusu picha yangu kutumika", na saini. Mwanamitindo naye aandikiwe picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Vipimo vya mteja si vya kusomwa kwa sauti mbele ya watu.

Hatua ya 8: Lebo ya ndani iseme kweli

Polista iitwe polista. Kama umenunua magauni tayari Kariakoo, usibandike lebo yako ukasema umeshona.

Hatua ya 9: Ukiigwa

Usianze Instagram. Hasira ya mtandaoni inaweza kukugeuza wewe kuwa mshitakiwa. Nunua kwanza nguo moja iliyoigwa na uombe risiti. Piga picha duka, lebo na tarehe. Toa daftari la hatua ya 2 na cheti cha hatua ya 1, uviweke pamoja. Andika barua ya heshima kwa mhusika, umpe siku 14, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au kusainiwa. Wengi huishia hapo. Mara mbili mimi nimelipwa na kuombwa radhi kibarazani. Akikaidi, suala la jina na lebo lipeleke FCC ukiwa na cheti, la mchoro au nakshi lipeleke COSOTA, na wakili aingie kabla ya kufikiria mahakama. Ile nguo uliyoinunua iweke kwenye mfuko pamoja na risiti yake, usiifue, usimwazime mtu.