Uniti za LUKU zinakimbia? Anza na kale kataa kekundu kwenye mita

Jamani wenzangu wa Mwanza, uliyepanga na uliyejenga, kila mtu analia uniti za LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, zinakimbia. Mi nimelia mwaka mzima hapa Igoma, nimegombeza watoto kuhusu tivii, nimezima taa za nje, na bado mwezi haujafika katikati nanunua tena umeme. Kumbe nilikuwa nabana bila kujua nini kinakula. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, pima kwanza.

Nenda kwenye mita jioni watu wakishatulia. Kuna kataa kekundu kanawaka na kuzima, na pembeni pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, maana yake kakiwaka mara 1,000 uniti moja imeondoka (nyingine zimeandikwa 1600, angalia ya kwako). Zima kila kitu, washa kifaa kimoja tu, shika simu uhesabu dakika nzima. Kakiwaka mara 10, kwa saa ni mara 600, hiyo ni uniti 0.6 kwa saa. Na ukizima kila kitu mpaka friji na chaja halafu bado kanawaka na kuzima, ujue kuna waya una shida au kuna mtu kaunganishwa kwako, ita fundi, usichokonoe mwenyewe. Kama mita yako iko juu ya nguzo, andika uniti zilizobaki usiku na asubuhi, utapata picha.

Mi nilipopima ndo nikajua ile tivii tuliyokuwa tunagombania haina kosa, waliokuwa wanatumaliza ni wawili, maji ya kuoga na friji.

Maji sasa. Asubuhi huku kuna kabaridi, Juni na Julai ndo usiseme, basi heater ya ndoo inazama kila alfajiri. Ndoo ya lita 20, kuyatoa maji nyuzi 25 mpaka 45, inakula karibu nusu uniti. Watu wanne ni uniti 2 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi, na hujawasha hata taa! Dawa yake sisi tumepewa bure, mawe. Nimechukua madumu mawili ya lita 20 nikayapaka rangi nyeusi, saa tatu asubuhi nayapanga juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, jua linapiga juu na jiwe linachoma chini, ikifika saa kumi na moja jioni maji yana moto wake kabisa, watoto wanaoga kabla jua halijazama. Heater inatoka siku za mvua tu. Na ikitoka, chomoa kwanza ukutani ndo uguse maji, tafadhali sana, hasa kama nyumba ina watoto.

Friji langu nililipima kwa noti ya elfu moja. Unaibana noti mlangoni, unafunga, unaivuta. Ikikaza, mpira mzima, ikiteleza tu, baridi inatoka hapo. Zunguka mlango wote, maana langu lilikuwa linashika kila mahali isipokuwa kona ya chini upande wa bawaba, na hapo hapo palikuwa na matone ya maji kila siku nikidhani ni samaki wanavuja. Juu kwenye frizi barafu imeganda nene kama kiganja, mota inanguruma haipumziki. Nikausugua mpira kwa mswaki na maji ya vuguvugu yenye sabuni, kona ikabaki ngumu vilevile, ikabidi nibadilishe mpira. Nikalisogeza friji shubiri moja kutoka ukutani lipumue, nikayeyusha barafu kwa kulizima tu (usichokoe kwa kisu, utatoboa bomba la gesi friji life). Lilikuwa linakula uniti 2 na nusu kwa siku, sasa ni moja na kidogo. Na sato wa moto kutoka kikaangoni usimwingize, mwache apoe.

Taa ni hesabu fupi. Globu nne za wati 60 kwa saa 5 kila siku ni uniti 36 kwa mwezi, za LED wati 9 ni 5 na kidogo. Pasi ni karibu uniti moja kwa saa, nyoosha nguo za wiki nzima mara moja, nyepesi ziache mwisho unyooshe pasi ikiwa imeshazimwa.

Maharage na makande loweka usiku, kesho yachemke vizuri kama nusu saa, halafu funika sufuria, izungushie blanketi uiweke kwenye kapu kubwa ulilojaza matambara, iache kwa muda wa saa nne. Ukirudi yamelainika, unachemsha tena kidogo na kuunga. Mkaa au gesi unayookoa hapo si kidogo.

Kuhusu joto la bati, weka dari hata ya kawaida, na mchana fungua madirisha yanayotazama ziwa, upepo wa mchana unatoka huko, feni itapumzika.

La mwisho ni kwa wapangaji mnaochangia LUKU moja. Kwa bei zilizopangwa 2016 na EWURA, mamlaka inayosimamia bei za umeme, mwenye matumizi madogo analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi ni 350, na mteja wa kawaida ni 292, zote kabla ya kodi. Familia tatu kwenye mita moja lazima mpite 75, hata kama kila mmoja anatumia 40. Ongeeni na mwenye nyumba kila mmoja aombewe mita yake. Sisi ilituchukua miezi, tulichanga gharama tukakatana kwenye kodi ya pango, na yule mama wa chumba cha mbele mwenye taa mbili na redio ndo aliyefurahi kuliko wote.