Filta ya vigurudumu vinavyozunguka: jinsi ya kuijenga ndani ya sampu ya tangi la samaki

Sampu ni tangi la pembeni ambalo maji ya samaki hupitia kusafishwa, kisha pampu huyarudisha. Filta hii ni chumba ndani yake chenye vigurudumu vya plastiki vinavyozungushwa na hewa usiku na mchana. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwa samaki wakishakula, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huota ndani ya matundu ya vigurudumu hivyo. Nje hawashiki, maana vinagongana muda wote, na kwa sababu hiyo filta hii haizibi kama sponji. Mbinu ilianzia Norwei mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye mitambo ya maji taka.

Anza na chakula, si ukubwa wa tangi. Gramu 10 za chakula chenye protini asilimia 35 hutoa takriban gramu 0.3 za amonia kwa siku. Vigurudumu vya aina ya K1, vyenye upana wa mm 10 hivi na urefu wa mm 7, vina mita za mraba 0.5 za eneo lililokingwa, yaani la ndani ambako bakteria hushika, kwa kila lita. Kwa kuwa amonia ya tangi la nyumbani huwa kidogo na bakteria hufanya kazi polepole, hesabu gramu 0.2 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hapo utahitaji lita 3. Weka 6, upate akiba. Vifuniko vya chupa za soda navyo hutumika, lakini eneo lake ni dogo sana, kwa hiyo chumba kitabidi kiwe kikubwa zaidi.

Lita 6 zinataka chumba cha maji lita 12 hivi: sm 20 kwa 20, kina sm 29. Usijaze vigurudumu kupita asilimia 60 ya chumba, la sivyo vitasongamana visizunguke.

Ukuta wa kutolea maji ndio unaowashinda wengi. Watu huweka wavu juu tu, pale maji yanapofurika. Lakini pampu ya lita 1000 kwa saa hufurisha maji kwa unene wa chini ya sm 1, na vigurudumu vipya huelea. Basi vyote vinajazana kwenye huo mstari mwembamba. Wavu unatakiwa uzame. Tumia vipande viwili vya kioo cha mm 6: cha chini kiwe na urefu wa sm 10, cha juu kianzie sm 25 kutoka sakafuni hadi sm 38. Uwazi wa sm 15 ulio katikati uzibe kwa wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya mm 5. Wavu wa plastiki haushikwi vizuri na silikoni, kwa hiyo ubane kwa vipande vyembamba vya kioo pande zote. Sm 5 mbele yake simamisha ukuta mzima wa sm 29. Huo ndio unaopanga kimo cha maji. Baada ya hapo weka sponji nene ya kukamata viputo, kisha chumba cha pampu. Silikoni iwe isiyo na dawa ya kuua ukungu, na iachwe ikauke siku 2.

Kabla ya chumba cha vigurudumu lazima kuwe na sponji au mfuko wa kuchujia. Kinyesi kikipita, bakteria wanaokula uchafu huongezeka haraka na kuwanyang'anya nafasi na oksijeni wale unaowataka.

Hewa itoke kwenye bomba la PVC la nusu inchi, lenye urefu wa sm 18, lililozibwa mwisho, na matundu 6 ya mm 2 yakitazama chini. Lilaze sambamba na sakafu, chini ya wavu, ili viputo viusugue vikipanda. Likiinama hata kidogo, hewa yote itatokea upande wa juu. Mawe ya hewa yaache, huziba. Kona ya chini iliyo mkabala na bomba izibe kwa kipande cha kioo kilicholazwa nyuzi 45, maana vigurudumu hupenda kulala pale. Pampu ya hewa ya lita 8 hadi 10 kwa dakika inatosha. Iwekwe juu ya kimo cha maji.

Vinapozunguka vizuri vinafanana na maharage yanayochemka kwa moto wa wastani. Siku za kwanza vitaelea tu. Usiongeze hewa kwa pupa. Utando wa bakteria ukishika, huzama vyenyewe, kwa kawaida wiki 2 hadi 6.

Kuanzisha bila samaki, kwa maji ya lita 300 jumla, weka gramu 2.3 za kloridi ya amonia. Hiyo ni mg 2 za nitrojeni kwa lita. Ikifika sifuri rudia, na usiingize samaki mpaka amonia na nitriti zote zimalizike ndani ya saa 24. Nitriti ndiyo huchelewa.

Amonia au nitriti ikigoma kushuka, pima ualikali, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke. Kila mg 1 ya nitrojeni hula takriban mg 7 za ualikali, na ukiisha, pH huporomoka na bakteria husimama. Gramu 1 ya baikaboneti ya soda kwa lita 100 hupandisha ualikali mg 6 hivi kwa lita. Lenga 80 au zaidi. Si magadi ya kulainishia maharage: hayo hupandisha pH kwa nguvu, na amonia iliyopo hugeuka sumu kali.

Baada ya miezi 2, matundu ya vigurudumu yakiwa meupe bado, hewa imezidi na utando unabanduka. Nje kukiwa na utelezi, hewa ni ndogo. Usivioshe kwa maji ya bomba yenye klorini.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria hukosa oksijeni. Vigurudumu vikitoa harufu ya yai viza, vitoe na uvisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha pampu.