Ukienda kula kwa Mjapani anayepika Kifaransa

Mimi ni mtu wa Tanga, Paris nina mwaka wa tisa sasa, na kila shemeji yangu akija hunitaka nimpeleke "kule kwa Wajapani". Sushi siyo. Anakusudia vile vimgahawa vya viti kumi na vinne, mpishi Mjapani aliyefunzwa kazi na Wafaransa, siagi na mwani vikakutana chungu kimoja. Mwenye sifa kuliko wote ni Kei Kobayashi, aliyekuwa Mjapani wa kwanza kupata nyota tatu za Michelin nchini Ufaransa, mwaka 2020 (Michelin ni kitabu kinachopima migahawa, na nyota tatu ndiyo daraja la juu kabisa). Kwake sijafika, mfuko haujaniruhusu. Nasema hawa wadogo zake.

Kwanza ujue pale huchagui. Mpishi kashanunua samaki wa watu kumi na wanne, basi. Lako lolote liseme siku unapoweka nafasi, si ukishakaa. Mimi nilijifunza kwa aibu. Mara ya kwanza nilisema tu kwamba sili nyama. Akaletwa samaki, ngozi kavu inalia chini ya kisu, kazungukwa na mchuzi mweupe wa siagi unaonukia yuzu, jamii ya ndimu ya kwao. Nikauliza umepikwaje. Beurre blanc: divai nyeupe na siki huchemshwa na vitunguu vidogo mpaka vikaribie kukauka, ndipo siagi ikapigwa humo kidogo kidogo. Mpishi alikuwa mbele yangu, kaunta tu katikati yetu, akauona uso wangu. Aliondoa sahani bila neno, akanichomea kipande kingine kwa chumvi. Baadaye mhudumu akaninong'oneza kwamba kile kilikuwa chakula cha mpishi mwenyewe.

Siku hizi naandika hivi: "Ni viande, ni alcool, même dans les sauces." Nyama hapana, pombe hapana, hata kwenye mchuzi. Kisha naitaja mirin, pombe tamu ya mchele wanayopikia, kwa jina lake. Ukiiona utadhani shira, na wapishi wengi wanaihesabu kama kiungo tu, lakini ina kilevi cha asilimia 14 hivi. Wapo watakaokujibu hawawezi. Washukuru, tafuta kwingine.

Nenda mchana, bei huwa nafuu kuliko usiku na mkono ni uleule. Watataka namba ya kadi. Usipotokea wanakukata pesa, na kwa viti kumi na vinne siwalaumu.

Nguo iliyofukizwa udi iache nyumbani. Najua, hata mimi iliniuma. Lakini kitu cha kwanza huwa kibakuli cha dashi, na dashi ni harufu zaidi kuliko ladha: mwani mkavu uliorowekwa, na samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa kama gogo, kisha akaparwa maranda membamba kama ya seremala. Mtu aliyekulia kwenye ng'onda ataijua hapohapo. Inua kibakuli kwa mikono miwili, unywe kwa mdomo. Kijiko usingoje.

Mkate utakuja na siagi iliyochanganywa na miso, rojo ya chumvi ya soya iliyochachushwa. Hapo ndipo shemeji huharibikiwa. Vikija vile visahani vya kwanza vyenye tonge moja moja anadhani atalala njaa, basi anamaliza mkate, anaagiza mwingine, na kufika sahani ya tano anahema. Sahani huwa saba au nane. Vuta subira.

Uma na kisu vipo, hakuna atakayekucheka. Ukishika vijiti, usivisimike wima kwenye wali, wala usimpe mwenzio tonge kijiti kwa kijiti. Yote mawili kwa Wajapani ni mambo ya msiba.

Bili ya Ufaransa ina huduma ndani yake tayari. Ukiacha sarafu, ni hiari yako.

Ukiondoka mwambie mpishi "gochisōsama deshita", ndiyo ahsante yao ya chakula. Wengine hukusindikiza hadi mlangoni wakainama mpaka upinde kona. Wewe nenda zako. Shemeji aligeuka mara tatu kupunga mkono, na kila akigeuka yule bwana anainama upya, mvua inamnyeshea.